Mbona paa wa bibi hakufa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Naishi Kisauni na mke wangu na watoto, lakini nimelelewa Kibokoni na bibi yangu mzaa baba. Kila Ramadhani, baada ya tarawehe, bibi alikuwa akitukalisha mkekani wajukuu wote, akafungua kitabu kilichong'oka jalada, akatusomea. Siku nyingine kitabu hicho kilifungiwa ndani ya kasha la njumu na hakuna aliyethubutu kukigusa.

Hadithi niliyoipenda kuliko zote ni ya maskini aliyekuwa akichakura jaani akitafuta punje za mtama. Akaokota thumni (mimi nikidhani ni ile sarafu ya senti hamsini ya kununulia kashata), akanunua paa. Paa yule akaenda kwa sultani na almasi, akasema ametumwa na bwana wake, Sultani Darai. Akamwozesha bwana wake binti wa sultani, akamuua nyoka wa vichwa saba, akaichukua nyumba ya nyoka na mali yote iliyokuwamo, akampa bwana wake. Kisha paa akaugua. Bwana akasema apewe uji wa mtama, kwani alimnunua kwa thumni tu. Lakini bibi kizee wa nyumba ile akakataa katakata. Akampikia paa wali wa maziwa, akamuuguza mpaka akapona. Alipopona, paa akaondoka usiku bila kuaga, na asubuhi bwana akazinduka yuko jaani, anachakura.

Bibi amekwisha kufariki. Mwaka huu tulipogawana vitu vya nyumba, kasha likawa fungu langu, na kitabu kimo. Furaha niliyokuwa nayo sikwambii. Nikaona kumbe kila ukurasa wa Kiswahili umekabiliana na wa Kiingereza, jambo nisilolikumbuka kabisa. Usiku uleule nikawaita wanangu nikawasomea habari ya paa. Mwalimu, paa akafa! Akafa, akatupwa kisimani. Binti yangu wa miaka saba alilia mpaka usingizi ukamchukua, nami nikabaki na hasira nisijue namkasirikia nani. Nimekipekua kitabu chote, mwisho ninaoujua haumo. Hamna "paukwa" wala "pakawa". Kimeandikwa "njoo" na "jicho", na bibi yangu, Mmvita khasa, alisema "ndoo" na "jito". Lakini wimbo wa nunda mla watu umo vilevile alivyouimba. Je, hiki sicho kitabu kile? Kuna kingine chenye mwisho wa bibi? Na wanangu niwasomee upi? Nakutumia picha za kurasa chache, pamoja na barua ya bibi niliyoikuta imekunjwa humo ndani. Ni ya herufi za Kiarabu, siwezi kuisoma.
Msomaji, Kisauni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na barua, maana ndiyo nyepesi. Bibi anamwandikia jamaa yake wa Lamu amletee samli na ubani, na anamkumbusha kwamba samli ya mara ya mwisho ilikuwa imeharibika na pesa zake anazidai bado. Hamna siri ya urithi. Ila barua hiyo ya samli ndiyo iliyonipa jibu la swali lako.

Utazame mwandiko wake. Herufi zimesimama, mistari imenyooka, wino haukuchuruzika. Huyu ni mtu aliyeizoea kalamu. Bibi yako alijua kusoma na kuandika, tena vizuri, kwa herufi za Kiarabu. Kitabu kimepigwa chapa kwa herufi za Kizungu. Sasa nikuulize: uliwahi kumwona na gazeti mkononi? Bili ya stima ikiletwa, aliisoma mwenyewe au aliwaita nyinyi? Nimewajua wanawake wengi wa rika lake pale Mji wa Kale. Chuoni walisoma Kurani, nyumbani wakasoma tenzi, barua zao wakaziandika kama hii, na herufi za Kizungu wakawaachia watoto waliokwenda skuli. Kama bibi yako alikuwa miongoni mwao, basi hakuwa akiwasomea. Alifungua kitabu, akawasimulia.

Usione kwamba aliwadanganya. Nyinyi wajukuu mlikuwa watoto wa skuli, mmefunzwa kwamba lenye uzito ni lile lililoandikwa. Kitabu mkononi kiliwanyamazisha. Mimi nilifundisha darasa la watoto wengi kwa miaka, na naijua thamani ya hila hiyo.

Kitabu chenyewe ni kilekile, usitafute kingine. Kwa kurasa ulizonitumia sina shaka: ni Swahili Tales cha Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Unguja mwaka 1864, akawa askofu mwaka 1874, akafia hukohuko mwaka 1882. Ndiye aliyejenga kanisa la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa. Kitabu kilitoka London mwaka 1870, Kiswahili upande huu, Kiingereza upande wa pili, kikawafaa sana wageni waliotaka kujifunza lugha yetu. Jina lake kamili lenyewe linakiri kwamba hadithi zimesimuliwa na wenyeji wa Unguja. Maana yake Steere hakutunga. Alikaa na watu, wakasema, akaandika. Ndiyo sababu umekuta "njoo" badala ya "ndoo": waliosema walikuwa Waunguja.

Sasa fikiri. Kama hadithi alizijua kwa kitabu, "ndoo" yake ingetoka wapi? Na kama hakuzijua kwa kitabu, wimbo wa nunda umefananaje? Hapo ndipo pazuri. Wimbo una mizani na sauti yake. Ukiubadilisha neno, ulimi unajikwaa na watoto wanakusahihisha. Yule kijana wa hadithi ya nunda anaua mnyama baada ya mnyama, kila mara anakuja kwa mama yake akiimba kwamba amemuua nunda, na mama anamjibu kwa wimbo kwamba siye huyo. Maneno hayo hayawezi kwenda kombo. Lakini masimulizi yaliyo baina ya nyimbo hayana cha kuyashika ila msimulizi mwenyewe. Wimbo wa Unguja wa miaka ya 1860 na wimbo wa Kibokoni ukiwa mtoto ni mmoja kwa kuwa ulisafiri kwa vinywa, majahazini, kaskazi na kusi, na yaliyobaki kila mji ukayapika kwa chungu chake.

Mfano umo katika kitabu hichohicho. Itafute hadithi ya punda wa dobi. Ndani yake kuna kima aliyefanya urafiki na papa, papa akambeba mgongoni wavuke bahari, na katikati ya safari akamwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akasema, ala, mbona hukuniambia mapema? Moyo wangu nimeuacha mtini. Hadithi hii ni ya zamani mno. Katika Panchatantra ya Wahindi anayembeba kima ni mnyama wa majini kama mamba. Ilipofika kwa Waarabu ndani ya Kalila wa Dimna, kitabu kilichofasiriwa na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, akawa kobe. Ilipotua pwani yetu akawa papa, na nani asiyemjua papa hapa kwetu? Hakuna aliyeomba ruhusa kwa mwenye hadithi. Hakuna mwenye hadithi.

Na huyu paa wako naye katembea. Mwaka 1901 George Bateman alimtoa kwa Kiingereza mjini Chicago katika kitabu chake cha hadithi za Unguja. Mwaka huohuo Andrew Lang wa London alimchukua kutoka kwa Steere akamtia katika mojawapo ya vitabu vyake vya hadithi za watoto. Kote humo paa anakufa. Ana binamu yake Ufaransa, yule paka wa Charles Perrault aliyetokea kitabuni mwaka 1697: naye anamtajirisha bwana maskini kwa maneno na ujanja, anamwozesha binti wa mfalme, kisha anaishi kama bwana mkubwa na panya anawafukuza kwa kujifurahisha tu. Hadithi ya Kifaransa inaishia pale ambapo yetu inaanza kuuma. Haimuulizi yule bwana: sasa umetajirika, aliyekutajirisha akiugua utamfanyaje? Yetu inauliza, na jibu lake linachoma. Ndiyo maana binti yako alilia.

Pengine wewe unadhani bibi aliilainisha hadithi kwa ajili ya watoto. Mimi sioni hivyo. Isome tena ile ya kitabuni polepole. Paa mgonjwa anamtuma bibi kizee kwa bwana, bwana anasema apewe uji wa mtama. Bibi kizee anakwenda na kurudi na maneno hayo huku analia. Mke wa bwana anampelekea paa wali na maziwa kwa siri, lakini paa moyo umekwisha kuvunjika, anakufa. Anatupwa kisimani kama taka, sultani mkwe mwenyewe anakuja kumtoa na kumzika, na usiku bwana anaota yuko jaani, anaamka kweli yuko jaani. Sasa angalia bibi yako alichoshika na alichobadilisha. Uji wa mtama upo. Thumni ipo. Jaa lipo, na bwana anarudi kulekule bila kupunguziwa hata siku moja. Adhabu haikuguswa. Kilichobadilika ni kwamba aliyetenda wema hakulipia ubaya wa mwenzake, na kwamba yule bibi kizee, ambaye kitabuni kazi yake ni kupeleka maneno na kulia, kwa bibi yako anakataa amri na kuingia jikoni. Mwanamke mzee, ameketi mkekani na wajukuu aliowalea mwenyewe, anasimulia habari ya mwanamke mzee aliyesema hapana. Nakwambia, huo si ulaini. Kwa maoni yangu ni mwisho bora kuliko wa Steere, na Steere namheshimu.

Lakini sikufichi kitu. Inawezekana pia kwamba bibi alimuua paa kila mwaka, na wewe, mtoto uliyempenda paa, ndiye uliyemponya kichwani mwako. Watoto hufanya hivyo. Njia ya kujua ipo. Wale binamu zako mliokaa nao mkekani, wapigie simu mmoja mmoja. Waulize paa aliishiaje, ufunge mdomo wako usikilize. Usiwaambie kwanza wewe wakumbuka nini, maana watakubali tu kwa heshima, na hapo utakuwa umeharibu ushahidi. Usishangae mmoja akikwambia paa alirudi msituni akazaa, na mwingine akikwambia yule bibi kizee aliondoka naye. Msimulizi mzuri hasemi vilevile miaka yote.

Kisha andika. Hili ndilo ninalotaka ulifanye kabla ya kunisumbua kuhusu mwisho upi ni wa kweli. Mwisho wa Steere hauna hatari yoyote. Uko London, uko Chicago, na kitabu kizima kimewekwa kwenye intaneti bure kwa kuwa haki zake zimekwisha muda. Mwisho wa bibi yako uko kichwani mwako na pengine kwa binamu wawili watatu, basi. Washa kinasa sauti cha simu yako, usimulie kama alivyosimulia, na "ndoo" zake na "jito" zake, na ule wimbo uimbe, hata kama sauti ni mbaya. Andika jina lake, mtaa, na alikotoka mama yake, maana hadithi za wanawake aghalabu hufuata upande wa mama. Barua yake imeandikiwa Lamu. Ana watu huko? Ulizia, pengine paa aliyepona anajulikana Lamu nzima na sisi hatuna habari. Ukimaliza, nakala moja wapelekee RISSEA, ile taasisi ya utafiti wa Kiswahili ya Makumbusho ya Taifa hapahapa Mombasa. Steere aliandika alichosikia kwa watu fulani, Unguja, siku fulani. Angalipita Kibokoni akabisha mlango wa bibi yake bibi yako, leo ungekuwa unaniuliza kwa nini kitabuni paa kapona.

Kuhusu watoto: wasimulie wa bibi kwa mdomo, bila kitabu, au nacho kikiwa wazi mbele yako kama alivyofanya yeye. Wa kitabuni binti yako keshausikia, na kulia hakukumdhuru. Akiuliza upi ni wa kweli, mwambie huu ni wa watu wa Unguja na huu ni wa nyumbani kwetu. Atachagua. Au atatunga wa tatu, ukae umsikilize. Na hicho kitabu kikuukuu usiwape wakichezee, wala usikiuze kwa mtu wa kwanza atakayekuja na noti mkononi. Wasomee kwenye simu.

SWALI: Mwalimu, nina miaka 58 na nimeipata tena Hekaya za Abunuwasi, niliyoisoma nikiwa darasa la nne. Naisoma kwenye feri asubuhi nikienda kazini, lakini naificha ndani ya gazeti, kwani vijana walinicheka mara moja. Je, ni aibu mtu mzima kusoma vitabu vya watoto?
Msomaji, Mtongwe

JIBU: Toa gazeti. Huyo Abunuwasi unayemficha alikuwa mtu wa kweli, mshairi wa Baghdad zama za Harun al-Rashid, na sifa yake kubwa kwa Waarabu mpaka leo ni mashairi ya kusifu mvinyo. Watu wa pwani walichukua jina lake na ujanja wake, mvinyo wakamwachia mwenyewe. Kitu cha kitoto hapo sikioni. Tena soma tena zile hekaya ukiwa na umri wako huo: karibu kila mara anayepumbazwa ni mwenye cheo, na aliyelipwa mshahara kwa miaka mingi atacheka mahali ambapo mtoto wa darasa la nne hacheki.

SWALI: Mwalimu, nilipofungua katoni ya vitabu vyangu vya utotoni niliyoiweka juu ya kabati, nimekuta kurasa zimetobolewa, nyingine zimegandana, na harufu ya ukungu imejaa chumba. Jirani ananiambia nianike juani, mwingine anasema niweke majani ya mwarobaini. Nifuate lipi? Na zilizochanika nizibandike kwa selotepu?
Bi. Mkubwa wa Majengo

JIBU: Jua hapana, dada yangu. Jua la Mombasa litaua ukungu na litaua karatasi pia; zitakuwa za manjano na kukatika kama kaukau. Visimamishe vitabu wima kivulini, kurasa zimeachana kidogo, feni ikivuma kwa mbali, siku kadhaa mpaka unyevu utoke. Ukungu uliokauka ufute kwa brashi laini, nje ya nyumba, na ufunge kitambaa puani. Kurasa zilizogandana usizivute zikiwa na maji. Subiri zikauke, kisha ujaribu taratibu kuanzia pembeni, na zikikataa ziache.

Wadudu dawa yao ni baridi. Kikishakauka, tia kila kitabu ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, ufunge kabisa, kiweke kwenye friza wiki mbili au tatu. Ukikitoa, usifungue mfuko siku hiyo. Acha mpaka kipoteze baridi yote, la sivyo umande utatanda juu ya jalada na utarudi ulikoanza. Baada ya hapo usivirudishe katonini. Katoni yenyewe ni chakula cha mchwa na mende. Viweke kwenye rafu iliyoachana na ukuta kwa upana wa vidole vichache, hasa kama ni ukuta wa nje, na wakati wa masika uwe unavipekua mara kwa mara, kwa sababu wadudu wanapenda mahali pasipoguswa.

Selotepu hapana. Gundi yake inageuka kahawia na kula maandishi, nimeona vitabu vizuri vingi zaidi vimekufa kwa selotepu kuliko kwa panya. Ukurasa uliochanika uweke kwenye bahasha mahali pake, mpaka umpate fundi wa kujalidi anayetumia gundi ya unga.

Mwarobaini unaweza kuweka. Wazee waliuweka, na baadhi ya vitabu vyao tunavyo bado. Ila majani yakauke kabisa kwanza, uyatie ndani ya kifuko cha kitambaa na kukilaza kwenye rafu. Usiyabane baina ya kurasa, yataacha madoa.